Koitalel na Somo la Kukabili Wengi

Vijana wengi wa miji yetu hujifunza karate na judo, na swali wapendalo kuwauliza walimu wao ni hili: mtu afanyeje akivamiwa na wengi? Mwalimu mwenye busara hamfundishi mwanafunzi pigo la ajabu. Humfundisha kutokubali kuzingirwa, kuijua njia ya kutokea na kuchagua mahali pa kusimama. Somo hilo halikutoka Japani peke yake. Hapa Timboroa, ambapo reli ya Eldoret hupanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, hatuko mbali na nchi ya Koitalel arap Samoei, aliyelijua vyema.

Koitalel alirithi cheo cha hatari. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, aliuawa na Wanandi wenyewe mnamo 1890, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Mwana alishika nafasi ya Orkoiyot. Wakoloni walilifasiri neno hilo kuwa mchawi, na baadhi yetu tungali tunawafuata. Tafsiri hiyo inapotosha. Orkoiyot alibashiri, ndiyo, lakini pia aliwaunganisha wapiganaji wa kila pororiet, yaani kikosi cha eneo lake, wakawa na shauri moja. Bila yeye kila kikosi kingepigana peke yake na kushindwa peke yake.

Wapiganaji hao walikuwa vijana waliotoka jandoni, wakafunzwa pamoja katika rika lao kutumia mkuki, ngao na upinde. Walijua kwamba uwanja wa wazi ni wa bunduki za Maxim. Kwa hiyo walishambulia usiku, katika vikundi vidogo, kwenye misitu na magenge, kisha wakatoweka. Walikata nyaya za simu wakazifanya mapambo, na vyuma vya reli wakavifanya silaha. Kwa njia hiyo walipinga utawala wa Waingereza tangu 1895 hadi 1905, ingawa walitumiwa vikosi mara kadhaa.

Kilichomwangusha Koitalel hakikuwa udhaifu wa mafunzo hayo. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitikia wito wa mazungumzo ya amani kutoka kwa Kapteni Richard Meinertzhagen. Alipofika alipigwa risasi kwa karibu, na wenzake kadhaa wakauawa naye. Wanandi husimulia kwamba alikuwa akinyoosha mkono wa salamu. Meinertzhagen alidai kwamba Koitalel ndiye aliyepanga hila. Uchunguzi wa kijeshi ulimwondolea lawama, lakini mwaka 1906 aliondolewa Kenya. Fimbo za Koitalel alizozichukua zilirejeshwa na mwanawe mwaka 2006, baada ya miaka 101.

Tangu hapo vita havikudumu. Mwaka 1906 Wanandi walisukumwa katika hifadhi, na katika miaka ya 1920 reli ikapita hapa Timboroa.

Tunapomkumbuka Koitalel kwa ubashiri wake tu, tunawanyima watoto wetu urithi mkubwa zaidi: nidhamu, umoja na ujuzi wa ardhi uliowawezesha wachache kuwahimili wengi. Shule zetu na zifundishe hayo. Na zifundishe pia kwamba anayevunja ahadi ya amani hushinda siku moja tu, kisha vizazi humhukumu.