Sultani wa Kilwa aliyevua nguo zake akampa maskini

Jina lake alikuwa al-Hasan bin Sulaiman. Watu walimbandika jina lingine, Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Alitawala Kilwa kuanzia karibu mwaka 1310 hadi karibu 1333, na enzi hizo hakukuwa na mji uliokuwa na doh kama Kilwa katika pwani yetu.

Wengi wa rika letu tunamjua Mansa Musa wa Mali, yule aliyepitia Cairo mwaka 1324 akienda Makka, akagawa dhahabu hadi bei yake ikashuka. TikTok imejaa stori zake. Al-Hasan aliishi miaka ile ile, tena huku kwetu Afrika Mashariki, lakini mtaje leo hapa Woodley uone. Utaulizwa anachezea timu gani.

Basi tuanze na mji wenyewe. Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kusini mwa Tanzania, kama kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Siku hizi unashuka basi Kilwa Masoko, unapanda mashua, unavuka. Udongo wake hauna dhahabu hata chembe. Utajiri wake uliletwa na upepo.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi karibu Machi, na ndiyo iliyosukuma majahazi kutoka Arabuni na India. Kusi ikianza, yanarudi makwao. Jahazi lingeweza kufika Kilwa na kurudi katika msimu mmoja. Dhahabu nayo ilichimbwa kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo. Sofala ilikuwa mbali mno kwa jahazi la mgeni. Kwa hivyo Kilwa ilikaa katikati kama broka: dhahabu na pembe za ndovu zinapanda kutoka kusini, nguo, shanga na vyombo vya kauri vinashuka kutoka kaskazini, na kila mzigo unakatwa kodi.

Al-Hasan alizaliwa kwenye familia iliyoshika broka huyo. Babu yake, al-Hasan bin Talut, alitwaa kiti karibu mwaka 1277 na kuanzisha utawala wa ukoo wa Mahdali. Kijana mwenyewe alikuwa mtu wa vitabu. Tarikh ya Kilwa inasema alikaa Aden kama miaka 2 akisoma dini, kisha akaenda kuhiji Makka. Akiwa huko, baba yake akafa. Ndugu yake Daud akashika usukani kwa niaba yake. Al-Hasan aliporudi, Daud akainuka akamwachia kiti. Sisi hapa ndugu wanapelekana kortini kwa robo ekari.

Alipokalia kiti alianza kujenga, na hakujenga kidogo. Aliupanua Msikiti Mkuu kwa kuba na matao. Halafu akajenga Husuni Kubwa, kasri la mawe ya matumbawe juu ya mwamba unaotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100, ua mkubwa unaodhaniwa ulikuwa wa mizigo, na bwawa la pembe 8. Hiyo ni karne ya 14, wasee. Alitoa pia sarafu za shaba zenye jina lake. Moja ilikuja kuokotwa Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini. Jina la mtu wa Kilwa lilikuwa limefika huko ndani.

Mwaka 1331 ndipo alipopata mgeni aliyemfanya ajulikane hadi leo. Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier nchini Morocco, alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akateremka Kilwa. Aliusifu mji kwamba ni kati ya miji mizuri kabisa. Kuhusu sultani, aliandika kwamba hana maringo, anaketi na mafukara na kula nao sahani moja.

Kisha akasimulia kisa cha Ijumaa moja. Sultani ametoka kuswali, anaelekea kwake. Maskini mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani, akamwomba zile nguo alizovaa. Sultani akakubali. Jamaa akasisitiza azipate saa hiyo hiyo. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha, akampa zote. Yule bwana akazifunga, akajitwika kichwani, akaenda zake.

Hebu chukulia mheshimiwa ametoka kanisani Jumapili, msee anamwambia avue suti ampe. Askari wake wangemshughulikia huyo msee kabla hajamaliza sentensi. Na kama angeipata, suti ingekuwa Toi Market kabla ya jioni.

Watu walimsifu sana sultani. Mtoto wake, mrithi wa kiti, akaona haifai nguo za baba zizunguke mjini. Akazichukua kwa yule maskini na kumpa fidia: watumwa 10. Sultani aliposikia watu wanavyoshukuru, naye akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo 2 ya pembe za ndovu.

Hapo tusimame kidogo. Hesabu: binadamu 20 kwa seti moja ya nguo.

Kisa hiki husimuliwa kama somo la ukarimu, na kweli ni ukarimu. Lakini Ibn Battuta huyo huyo anaandika kwamba sultani alikuwa akivamia mara kwa mara nchi za watu wa bara waliokuwa jirani, anarudi na nyara, anatenga sehemu moja ya tano kwa mujibu wa dini, na fungu la masharifu linawekwa kando wapewe wakija. Walikuja wengi, hata kutoka Hijaz. Anasema pia kwamba zawadi za huko zilikuwa pembe za ndovu, dhahabu ilitolewa kwa nadra. Baba wa Zawadi alijua kipi cha kugawa na kipi cha kubaki nacho.

Nguo zilikuwa zake. Wale 20 hawakuwa wake, walikuwa watoto wa watu. Sisi pia tuna tabia hii. Mtu akitoa bunda la noti kwenye harambee tunapiga makofi kwanza, swali la pesa zimetoka wapi tunamwachia mwingine. Al-Hasan aliweza kula na maskini sahani moja na bado akagawa watu kama mizigo, na hakuna aliyeona ajabu.

Alikufa karibu mwaka 1333. Daud, yule aliyemwachia kiti, akarithi, na mkono wake ulikuwa mgumu. Waombaji walijibiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu. Husuni Kubwa haikukaliwa muda mrefu. Paa la msikiti liliporomoka, na ujenzi mpya ukaja karne ya 15. Mwaka 1502 Vasco da Gama alilazimisha Kilwa kulipa kodi, na mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida wakaupora mji. Broka akafilisika.

Magofu yake yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Ukipata nauli, nenda. Bwawa la pembe 8 bado lipo, na wachimbaji wa mambo ya kale walipata ndani ya kasri jiwe lililochongwa jina la al-Hasan bin Sulaiman. Majina ya wale 20 hakuna aliyeyaandika popote.