Mkamba aliyehamishiwa Lamu kwa ajili ya ng'ombe

Juzi nilikuwa Tala, Machakos, siku ya soko. Mbuzi walikuwa wakiuzwa, bei inapanda na kushuka mpaka mikono ishikane. Hakuna aliyelazimishwa kuuza.

Usiku mwenyeji wangu alinionyesha kwenye simu filamu ya kimya ya Kisovieti ya mwaka 1929, kazi ya Sergei Eisenstein. Marfa, mkulima maskini, anawashawishi wanakijiji waunde ushirika wa maziwa. Inakuja mashine, ananunuliwa fahali, baadaye trekta. Filamu haikuonyesha yaliyofuata nchini humo: wakulima kulazimishwa kuingia mashamba ya pamoja, na wengi kuchinja mifugo yao badala ya kuikabidhi.

Nikamkumbuka Samuel Muindi Mbingu, mtu wa Ngelani, Machakos hiyo hiyo. Serikali ya kikoloni ilidai ng'ombe wa Wakamba ni wengi mno na wanaharibu udongo. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Lakini Wakamba walikuwa wamebanwa, malisho mengi yameshachukuliwa na walowezi. Mwaka 1938 ng'ombe wakakamatwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kikihitaji mifugo.

Mbingu akawa kiongozi wa Ukamba Members Association. Julai mwaka huo zaidi ya watu elfu moja, wakiwemo wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Hawakushika silaha. Mbingu akakamatwa na kuhamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwakamata ng'ombe wao. Yeye alirudi kwao mwaka 1946, na mwaka 1953 akauawa.

Nairobi ina barabara yenye jina lake. Sisi wa pwani, tulioishi naye karibu miaka minane, ni wangapi tunamjua?

Tungepaswa kumjua. Ng'ombe wetu sisi ni bahari. Wavuvi wa Lamu walipopoteza maeneo yao ya kuvulia kwa sababu ya bandari mpya, nao waliambiwa ni maendeleo. Maendeleo ni jambo jema, lakini mwenye mali huulizwa kwanza. Mbingu alidai hilo tu, na gharama yake akailipa kwetu Lamu. Tuwasimulie watoto wetu.