Willem Einthoven, munganga aliyeandika mapigo ya moyo



Sisi wa mwaka wa sita tunawaletea maisha ya Willem Einthoven. Alizaliwa tarehe 21 Mei 1860 mu Semarang, kisiwani Java. Baba yake, naye munganga, alikufa wakati mtoto angali mdogo. Mama akarudi Uholanzi na watoto wake sita. Willem akasoma kwa bidii, na mwaka 1886 alianza kufundisha Leiden kama profesa, na miaka 25 tu.

Waganga walijua kwamba moyo ukipiga unatoa umeme kidogo sana, lakini vyombo vya kuupima vilikuwa zaifu. Einthoven akatengeneza mashini yenye uzi mwembamba katikati ya sumaku. Ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mugonjwa alitia mikono na mguu ndani ya maji ya chumvi. Mwaka 1906 aliandika kwa Kifaransa, akaonyesha mistari ya moyo ambao vyumba vyake vimekuwa vikubwa.

Sasa, mistari ile inasema kweli? Si siku zote. Mwaka 1949 Sokolow na Lyon waliweka kipimo: unajumlisha urefu wa mistari miwili, na ikifika milimita 35, chumba cha chini cha kushoto kinashukiwa. Lakini kijana mwembamba anaweza kupita 35, kumbe moyo wake ni muzima. Watu weusi nao, mara nyingi kipimo hicho kinawashitaki bure. Na kwa mtu munene, mafuta yanaficha umeme: karatasi ni nzuri, kumbe moyo umepanuka. Ndiyo maana munganga anaongeza ekografia mbele ya kusema neno.

Mwaka 1924 Einthoven alipata zawadi ya Nobel. Wanasimulia kwamba alimtafuta fundi wake Van de Woerd, aliyemusaidia kutengeneza ile mashini. Alikuwa amekwisha kufa, na dada zake wawili walikuwa maskini. Einthoven akawapa nusu ya feza. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 29 Septemba 1927.

Wenzetu, tukiwa kesho waganga ao mafundi, tusimuambie mtu ni mugonjwa kwa karatasi moja tu. Na siku ya sifa, tusimusahau yule tuliyefanya naye kazi.