BIBI TITI MOHAMED: KUTOKA NGOMANI HADI SERIKALINI

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi tumeona si vyema tujisifu sisi wenyewe tu. Tumkumbuke na Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926. Shule aliishia darasa la nne, akawekwa ndani, akaolewa angali msichana mdogo. Sauti yake ndiyo iliyomtoa, maana alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU ilipotafuta wanawake, yeye aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na kila kiongozi akaja na watu wake. Haikupita miezi mingi, maelfu ya akina mama wakawa na kadi. Walishazoea kuchangiana kwenye harusi na misiba, basi kuchangia chama hakukuwa jambo geni. Mwaka ule ule, huku kwetu Matombo, Waluguru waligombana na serikali ya Mwingereza juu ya matuta.

Baada ya Uhuru akawa waziri mdogo, na mwenyekiti wa kwanza wa UWT iliyoundwa 1962.

Hapa sasa ndipo pagumu. Azimio la Arusha la 1967 lilikataza viongozi kupangisha nyumba. Bibi Titi alikuwa na nyumba zake za kupangisha, akaona heri ajiuzulu. Wako waliomwita bepari, na sisi wenyewe kikundini tumelibishania sana jambo hili. Wengi wetu tunamwelewa. Huku milimani Mluguru hurithi ardhi upande wa mama, mwanamke akiachika, ana pa kulima (ingawa wajomba nao wana maneno yao!). Mwanamke wa mjini asiye na shamba la ukoo, nyumba ndiyo pensheni yake.

Oktoba 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Akiwa gerezani mumewe akamwacha. Na tazameni mambo: mwaka 1971, yeye bado amefungwa, Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa, ambayo UWT aliyoiongoza iliiunga mkono. Sheria hiyo ilimpa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe, ikakataza kupigwa, na ikasema ndoa ikivunjika mali waliyochuma pamoja igawanywe. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma.

Bibi Titi aliachiwa 1972 kwa msamaha wa Rais, akaishi kimya miaka mingi. Mwaka 1991, Uhuru ulipotimiza miaka 30, ndipo akatajwa tena miongoni mwa mashujaa. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zenye kumpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Nakala ya hiyo ya Vijiji iko kwa katibu wetu pamoja na daftari la mikopo. Mwanachama anayeihitaji amwone siku ya mkutano.