Dandy: Mpasuaji aliyefichua siri ya diski iliyopasuka

KWA miaka mingi, mgonjwa aliyeanza kwa maumivu ya kiuno, kisha akapooza miguu na kushindwa kuzuia mkojo, alidhaniwa kuwa na uvimbe ndani ya mfereji wa uti wa mgongo.

Dkt Walter Dandy, mpasuaji wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeonyesha mnamo 1929 kwamba baadhi ya wagonjwa hao hawakuwa na uvimbe wowote.

Dandy alizaliwa Aprili 6, 1886 mjini Sedalia, jimbo la Missouri. Babake, mzawa wa Uingereza, alikuwa dereva wa garimoshi, naye mamake alitoka Ireland.

Baada ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Missouri, alijiunga na Johns Hopkins na kufuzu udaktari mwaka wa 1910.

Huko alifanya kazi chini ya bingwa wa upasuaji wa ubongo, Dkt Harvey Cushing. Wawili hao hawakupatana, na Cushing alipohamia Boston mnamo 1912 alimwacha kijana huyo nyuma. Uhasama wao ulidumu maisha yao yote.

Mnamo 1918, Dandy alibuni njia ya kutoa maji yaliyo ndani ya ubongo na kuingiza hewa mahali pake. Kwa njia hiyo, picha za eksirei ziliweza kuonyesha mahali uvimbe ulipojificha.

Miaka kumi na mmoja baadaye, alichapisha habari za wagonjwa wawili waliokuwa na dalili zote za uvimbe mgongoni. Alipowapasua, alikuta vipande vya gegedu vilivyochomoka kutoka kwa diski, yaani ule mto laini unaotenganisha pingili mbili za mgongo.

Vipande hivyo vilikuwa vimekandamiza mishipa ya fahamu iendayo miguuni na kwenye kibofu. Vilipoondolewa, wagonjwa wakapata nafuu.

Wapasuaji waliomtangulia walikuwa wametoa vipande kama hivyo, lakini wakavihesabu kuwa uvimbe wa gegedu. Dandy alitambua vilikotoka.

Hata hivyo, makala yake hayakuvuta macho ya wengi. Sifa ziliwaendea madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Boston, ambao mnamo 1934 walionyesha kwamba diski iliyopasuka ndiyo chanzo cha maumivu mengi yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni.

Dandy hakuliachia suala hilo hapo. Mwaka wa 1941 aliandika kuhusu diski zilizopasuka kwa siri, zisizojitokeza wazi hata mgonjwa anapopasuliwa.

Wakati huo, madaktari wengi walidunga mafuta maalumu kwenye mfereji wa mgongo kabla ya kupiga picha. Dandy alipinga desturi hiyo. Alishikilia kwamba maelezo ya mgonjwa na uchunguzi makini wa mwili vilitosha, kwani karibu diski zote zinazopasuka kiunoni ni zile mbili za chini kabisa.

Si wote waliokubaliana naye. Lakini ni kweli kwamba kuna diski zinazopasukia pembeni, nje ya mfereji, mahali ambapo mafuta hayo hayakuweza kufika. Leo picha za MRI huzionyesha bila kudunga mafuta yoyote.

Dandy pia aliweka historia mnamo 1937 alipobana kwa klipu mshipa wa damu uliovimba katika ubongo.

Aliaga dunia Aprili 19, 1946 kutokana na maradhi ya moyo, siku chache baada ya kutimiza umri wa miaka 60.

Dalili alizozieleza mwaka wa 1929 bado ni za dharura. Mtu mwenye maumivu ya kiuno anayehisi ganzi katikati ya mapaja, miguu ikilegea na mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila hiari, hupaswa kufikishwa hospitalini mara moja. Upasuaji ukicheleweshwa, huenda mishipa hiyo isipone tena.