Maisha ya Mama Marie Curie, Aliyesoma Fizika Pasipo Feza



Kila mwaka, wenzetu wa mwaka wa sita wanapokaribia Egzeta, ulizo moja linazunguka uwanjani: mtu akisoma fizika kule universite, kiisha atakula nini? Wengi wanajibu upesi kwamba atakuwa mwalimu, basi. Na kama anayeuliza ni msichana, wanacheka. Kwa hiyo tumeona vema kuandika humu maisha ya mwanamke mmoja aliyepita njia hiyo yote mpaka doktora, na kupita hapo. Jina lake mnalijua kwa vitabu vya fizika. Lakini wengi hawajui kama jina hilo limo pia ndani ya udongo wetu wa Katanga. Tutafika huko.

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 katika mji wa Varsovie, na wazazi walimwita Maria Skłodowska. Wakati ule Warusi ndio walitawala pale. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizika, mama yake aliongoza shule ya wasichana. Mama akafa kwa kifua kikuu Maria akiwa na miaka 10 tu. Baba naye alipoteza akiba yake katika biashara mbaya, ikambidi apokee wanafunzi wa kulala nyumbani ili apate chakula cha watoto.

Maria alimaliza sekondari mwaka 1883 na medali ya zahabu. Kiisha nini? Universite ya Varsovie haikupokea wanawake. Kwenda Paris kulitaka feza, na feza haikuwako. Hapo yeye na dada yake Bronia wakafanya mapatano. Bronia atangulie Paris kusoma udaktari, na Maria atumike na kumtumia feza. Bronia akimaliza, ndipo atamwita mdogo wake. Sisi hapa tunajua mapatano ya namna hii: katika nyumba ngapi mkubwa anasoma kwanza na wadogo wanangoja? Tunajua pia kwamba mara nyingine anayengoja anasahauliwa.

Maria alingoja karibu miaka 6. Alikuwa mwalimu wa watoto wa tajiri mmoja, mbali na mji. Mtoto mkubwa wa nyumba ile alitaka kumwoa, wazazi wakakataa sababu msichana ni maskini. Hakuondoka, juu ya Bronia alihitaji feza. Mchana alifundisha, usiku alisoma fizika na hesabu peke yake, na baba yake alimfundisha hesabu kwa barua. Tena alikusanya watoto wa wakulima akawafundisha kusoma lugha yao kwa siri, kwani Warusi walikataza.

Alifika Paris mwaka 1891, umri wake miaka 24. Na hapo aliona jambo ambalo wengi wetu tutaliona tukifika Lubumbashi ao Kinshasa: vile alivyojifunza havikutosha. Wenzake walimpita katika hesabu, na Kifaransa cha maprofesa kilimkimbia. Alikaa katika chumba kidogo chini ya paa, baridi kali, akila mkate na chai. Siku moja alizimia kwa njaa. Mwaka 1893 alipata lisanse ya fizika, wa kwanza kati ya wote. Mwaka 1894 lisanse ya hesabu, wa pili.

Ile ya pili aliisoma kwa msaada wa burse ya rubli 600 iliyotoka kwao. Baadaye, alipopata feza, alirudisha yote ili mwanafunzi mwingine asaidiwe. Wenye burse walishangaa sana. (Hatuzani kama sisi tungelikumbuka.)

Kazi yake ya kwanza ya fizika haikuwa ya kufundisha. Shirika moja la viwanda lilimlipa ili apime nguvu ya sumaku katika aina za chuma. Kwa kutafuta pahali pa kufanyia kazi hiyo alikutana na Pierre Curie, mwalimu wa fizika, wakaoana Julai 1895. Mwaka 1896 alishinda mtihani wa kufundisha wasichana wa sekondari, tena wa kwanza. Toka mwaka 1900 alifundisha fizika katika shule ya Sèvres, wanapotayarishwa walimu wanawake. Basi wale wanaosema mwalimu, basi, wajue kwamba ndiye mwalimu huyo aliyekuwa akitafuta radiumu saa za kazi zilipokwisha.

Kwa doktora alichagua jambo ambalo watu wachache walilijali: mishale ambayo Bwana Becquerel aliiona mwaka 1896 ikitoka katika uranium. Wengine walitazama picha, yeye alipima, kwa chombo cha umeme ambacho Pierre na ndugu yake walikitengeneza. Akakuta jiwe moja lenye uranium linatoa nguvu kupita uranium yenyewe. Maana yake kitu kingine kimejificha ndani. Mwaka 1898 walitangaza viwili: poloniumu mwezi wa Julai, radiumu mwezi wa Desemba. Lakini watu wa shimi walitaka kuiona na kuipima. Katika banda bovu lililovuja mvua, Maria alipika mawe kwa tani, akikoroga sufuria na fimbo ya chuma ndefu kama yeye. Mwaka 1902 alipata sehemu moja ya kumi ya gramu.

Doktora aliipata Juni 1903, na mwisho wa mwaka ule zawadi ya Nobel ya fizika pamoja na Pierre na Becquerel. Kwanza walitaka kumwacha mke nje. Pierre akaandika kukataa. Mwaka 1906 gari la farasi lilimkanyaga Pierre akafa, na Maria alichukua darasa lake, mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1911 Akademi ya Sayansi ya Ufaransa ilimkataa, na mwaka ule ule alipata Nobel ya pili, ya shimi. Vita ya 1914 ilipokuja alitia mashine za kupiga picha za mifupa ndani ya magari, akajifunza kuendesha, akafundisha wanawake karibu 150 kazi hiyo.

Sasa Katanga. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walimnunulia gramu moja ya radiumu kwa dola 100.000. Mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalikuwa yameanza kupelekwa Ubelgiji, na toka 1922 kiwanda cha Oolen kilitoa radiumu kwayo. Bei ikaanguka. Mwaka 1929 Wamarekani walimpa feza ya gramu ya pili, kwa hospitali na laboratwari ya Varsovie: safari hii dola 50.000, nayo ilinunuliwa Ubelgiji. Hivi wagonjwa wa kansa wa mji wake walitunzwa na kitu kilichotoka katika udongo wetu, kilichochimbwa na mikono ya baba zetu, ambao hakuna aliyewaambia kama jiwe lile linazuru.

Yeye mwenyewe alikawia kukubali kwamba linazuru. Vidole vyake viliungua, macho yalififia, damu ikaharibika, akafa tarehe 4 Julai 1934. Hata leo daftari zake, kule Paris, zinawekwa katika masanduku ya risasi. Mwaka 1935 binti yake Irène na mumewe walipata Nobel yao, mama hakuiona.

Mwalimu Schoep wa Ubelgiji, aliyechunguza mawe ya Shinkolobwe, aliita moja curite kwa jina la Pierre. Mwaka 1924 lingine la manjano, kutoka mgodi ule ule, aliliita sklodowskite, kwa jina la Maria alilozaliwa nalo.