Phong: Msomi aliyeipa picha ya kompyuta mng'ao wake

MSAFIRI avukaye daraja la Kilifi jua linapotua huona mng'ao juu ya maji ya mkono wa bahari, nao humfuata kila apigapo hatua. Kijana wa Malindi achezaye mchezo wa magari kwenye simu huona mng'ao kama huo ukiteleza juu ya boneti ya gari la kubuni.

Wa kwanza ni kazi ya maumbile. Wa pili una mwasisi wake, Bui Tuong Phong, msomi aliyefariki akiwa na umri wa miaka 32 pekee.

Phong alizaliwa Hanoi, Vietnam, Desemba 14, 1942, enzi ya ukoloni wa Ufaransa. Nchi ilipogawanywa mwaka 1954, familia yake ilihamia Saigon. Miaka 10 baadaye alikwenda Ufaransa, akasomea sayansi Grenoble na kuhitimu uhandisi Toulouse mwaka 1968. Septemba 1971 alijiunga na Chuo Kikuu cha Utah, Marekani.

Huko alikuta tatizo lililowasumbua wengi. Kompyuta huhifadhi umbo la kitu kama orodha ya nukta, kila moja ikiwa na tarakimu za mahali ilipo. Nukta hizo huunganishwa kuwa vipande bapa. Fundi wa jahazi huweza kupinda ubao ufuate umbo la chombo. Kompyuta haikuweza, hivyo mpira ulionekana kama umejengwa kwa vigae.

Mwaka 1971, Henri Gouraud, pia wa Utah, alipata nafuu ya tatizo hilo. Alikokotoa mwanga kwenye nukta za pembeni, kisha akasambaza rangi katikati ya kipande. Vigae vilififia, lakini mng'ao ulioangukia katikati ulipotea.

Phong alishika njia nyingine. Badala ya kusambaza rangi, alisambaza uelekeo wa uso wa kitu kutoka nukta hadi nukta, kisha akakokotoa mwanga kwa kila kitone cha skrini. Mwanga wenyewe aliugawa mara tatu: ule wa mazingira, ule unaotawanyika, na mng'ao unaohama kulingana na alipo mtazamaji.

Wanafunzi wa Profesa Ivan Sutherland walikuwa wamelipima gari la Volkswagen la mke wa mwalimu wao, nukta kwa nukta. Phong na wenzake, Robert McDermott, Jim Clark na Raphael Rom, walizigeuza tarakimu hizo kuwa picha iliyofanana na gari halisi.

Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1973, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Stanford. Lakini mume na baba huyo alikuwa akiugua saratani. Makala yake mashuhuri yalichapishwa Juni 1975. Julai mwaka huo huo akaaga dunia.

Njia yake ilikuwa nzito mno kwa mashine za wakati huo. Mwaka 1977 Jim Blinn aliirahisisha, na miaka mingi baadaye vifaa vya michoro vikapata kasi ya kuitekeleza papo hapo.

Leo, programu za kuchonga maumbo huweka uelekeo kando ya mahali pa kila nukta katika orodha. Mchoraji akisogeza nukta bila kukokotoa uelekeo upya, picha hutokea na madoa ya giza pasipo na kivuli.

Bui lilikuwa jina la ukoo. Phong lilikuwa lake mwenyewe. Desturi ya Vietnam humtaja mtu kwa jina lake, kama ilivyo kwetu Pwani, ambako Kazungu huitwa Kazungu, si kwa jina la babake. Ndilo jina atakalokutana nalo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, akijifunza michoro ya kompyuta.

Phong alipanda mti ambao hakuketi kivulini pake. Aliacha hesabu sahihi, ingawa mashine za kuifaidi zilikuwa bado hazijaundwa.